Udongo wa Debora Darasani

Debora alikuwa mfinyanzi wa Rasbura, mjini Lindi. Kila siku alifinyanga vyungu kama mama yake alivyomfundisha kule Mtama. Mwaka ule wa 1994 biashara ilikuwa huria, na maduka yalijaa sufuria za kutoka nje. Hata hivyo watu walimjia. Mchuzi wa chungu una ladha yake.

Siku moja binti yake Fortunata, wa darasa la tano, alirudi akilia. Mikononi alishika vigae.

"Mwalimu alituambia tupeleke kitu cha sanaa," alisema. "Nikapeleka chungu chako chenye michoro. Mwalimu Erasmo akaniuliza michoro ina maana gani. Sikujua. Akasema ni mambo ya kishamba, akakitupa nje. Wenzangu wakacheka. Mama, mimi shule siendi tena."

Debora alijifunga kanga kiunoni.

"Kishamba? Yeye alilelewa kwa sahani za dhahabu? Leo atanitambua!"

Mlangoni alikutana na jirani yake Apolonia, mwalimu wa elimu ya watu wazima. Ndiye aliyemfundisha Debora kusoma. Apolonia alisikiliza yote.

"Una haki ya kukasirika," alisema. "Kamwambie wazi kwamba amekosea. Lakini dada, wewe mwenyewe umewahi kumweleza Fortunata maana ya ile michoro?"

Debora alitikisa kichwa. Hakuwahi.

"Mtoto akionyeshwa chungu tu, ataona chungu tu. Aambiwe nani alikitengeneza, wapi, kwa kazi gani, na kwa nini alichora vile. Kisha naye ashike udongo. Hapo atawajua watu wake."

Kesho yake Debora alimshika Fortunata mkono, akaenda shuleni na beseni la udongo kichwani. Watoto walisimama. "Shikamoo mama!"

"Marahaba," alijibu, akamgeukia mwalimu. "Umevunja kazi ya siku nne. Umemwaibisha mwanangu. Kama hakujua, si ungemtuma aje aniulize? Huko ndiko kufundisha?"

Mwalimu Erasmo aliinamisha kichwa.

"Nimekosa, mama. Nisamehe. Na wewe Fortunata, nisamehe."

"Nitakusamehe nikimaliza kufundisha," alisema Debora.

Akawagawia watoto udongo. Aliwaonyesha kuukanda, kuupandisha uwe chungu na kuulainisha. Kisha akachora kwa kijiti.

"Mistari hii ni matuta ya shamba letu la muhogo. Vitone hivi ni mvua. Mama yangu ndiye aliyeanza kuichora. Hakujua kuandika, lakini aliweka maisha yake hapa."

"Bibi yangu anasuka mikeka!" alisema Likwata, mtoto wa Kimwera. "Nitamwuliza!"

Mwalimu akaandika ubaoni maswali manne: Nani? Wapi? Kwa kazi gani? Kwa nini? Kila mtoto akayaulize nyumbani wakati wa likizo.

Baada ya likizo darasa lilijaa mikeka, vinu na vijiko vya mti. Kila mtoto alikuwa na la kueleza. Mwalimu Erasmo naye alileta ungo kutoka kwao Kipatimu.

"Nimesoma miaka mingi," alisema, "wala sikuwahi kumwuliza mama yangu kuhusu kazi ya mikono yake. Safari hii nilimwuliza. Alizungumza mpaka chai ikapoa."

Fortunata alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mama yako anaitwa nani?"

"Anaitwa Rosalia," alisema mwalimu. Akachukua chaki, akaliandika jina hilo ubaoni.