Ubao Uliofunika Banda la Kuku

Kwaru, kwaru, kwaru. Giza la alfajiri bado limetanda Rwezamenyo, Mukamana akasikia kuku wakikwaruza ubao uani. Akatabasamu, akavuta shuka. Kitanda kilikuwa kipya, kabati na meza ya kioo vilevile, vyote vya mbao nyeupe, kazi ya mikono ya mumewe Évode. Ukutani ilining'inia picha ya ziwa na milima ya theluji, fremu ya dhahabu. Mwaka ule wa tisini na moja, nani mtaani alikuwa na chumba kama kile?

Lakini ndugu zangu, ukuta ule ulikuwa na mwenyewe. Kabla ya ziwa palikuwa na imigongo, ubao wa michoro myeusi, myeupe na myekundu, iliyoinuliwa kwa samadi na majivu. Mama mkwe, Bibi Béatha wa Kibungo, aliutengeneza kwa ajili ya harusi yao.

Siku moja jirani, Mama Armel, alikuja kuona kitanda. Akashika kiuno, akacheka.

"We Mukamana! Kitanda cha kizungu, halafu juu yake mavi ya ng'ombe?"

Mukamana aliona haya. Akauteremsha ubao siku ile ile, akafunikia banda la kuku. Évode aliponung'unika, akamkatiza: "Wewe shughulika na mbao zako. Ukuta niachie mimi."

Masika hayajaisha, Bibi Béatha akaja, macho yamefifia.

"Mwanangu, nipeleke kwenye ubao wangu. Macho yamekwisha, ila vidole vinaukumbuka. Mwingine sitaweza kuutengeneza."

"Uko kwa fundi, Mama."

"Fundi yupi? Fundi si mume wako?"

Uani, kwaru, kwaru. Belyse, binti mdogo wa Mukamana, alishamshika bibi mkono, anampeleka nje. Vidole vya yule bibi vikapapasa ubao taratibu. Mvua ilikuwa imekula michoro, na kucha za kuku zimemalizia.

Mukamana akapiga magoti kwenye tope. "Nisamehe, Mama."

"Simama, mwanangu, utachafua nguo." Akafuta vidole kwenye kitenge chake. Kesho yake akarudi Kibungo.

FUNZO

Wenzangu, hasa sisi akina mama vijana tunaoanza kupamba nyumba zetu: kupamba hakuna ubaya. Ubaya ni kumwonea haya anayekupenda, eti jirani amecheka. Kicheko cha Mama Armel kiliisha kabla hajafika kwake. Kazi ya Bibi haitafanyika tena.

Ubao umerudi juu ya kitanda, umepukutika nusu. Na niwaambie kweli, hata hivyo ulivyo, unapendeza na mbao nyeupe kuliko lile ziwa. Wageni wakiuliza nani aliuharibu, Belyse humtangulia mama yake:

"Mama alifunikia banda la kuku."