Mashine Ndani ya Debe la Unga

Msimu wa mbaazi, kijiji kizima cha Nakwa kinapura. Fimbo zinalia, vumbi linaruka, majirani wanataniana. Mwaka huu, uwanjani kwa Bernadina, mbaazi zilikaa tu rundo.

Sababu ilikuwa mumewe, Koplo Sosthenes. Alikuwa amerudi kutoka kulinda amani nchi ya mbali. Fimbo ya kwanza ilipolia, alimrukia binti yao Brightness na kumlalia chini ili risasi zisimpate. Hapakuwa na risasi. Mkono wa mtoto uliteguka, na tangu hapo akawa anamkimbia baba yake. Jambo hilo lilimuumiza sana Sosthenes. Usingizi nao ulikuwa umemtoroka.

Daktari wa jeshi alimpa mashine ndogo ya kupitisha umeme kichwani. Bernadina aliposikia neno umeme, akaificha ndani ya debe la unga. Kisha akaanza kufunga nguo zake na za mtoto. Jirani yao, muuguzi Scholastica, alimkuta akikaza mzigo.

"Mama Brightness, safari ya wapi?"

"Sigino, kwa mama. Mume wangu wanataka kumpiga shoti. Waya wa nguzo uliua ng'ombe wetu, sembuse kichwa cha mtu?"

Scholastica hakucheka. Alikaa.

"Umeme wa nguzo unaua, kweli. Huu ni wa betri, tena mdogo sana. Anabana vibanio masikioni, anakaa ametulia. Baadhi ya watu unawapunguzia wasiwasi, wanalala. Lakini kipimo anapanga daktari. Msiongeze, wala msimwazime mtu. Na aendelee kwenda kuzungumza na yule mshauri wa hospitali ya jeshi."

"Kwa hiyo hajarogwa, kama nilivyodhani?"

"Hajarogwa. Mwili umerudi, akili bado iko lindo. Inahitaji kusaidiwa ijue imefika nyumbani."

Bernadina alilia kwa aibu, na kwa nafuu pia. Akafungua mzigo. Akaitoa mashine, akaifuta unga.

Haikuwa miujiza. Siku nyingine zilikuwa mbaya. Lakini kwa mashine na kwa mshauri, usingizi ulirudi polepole. Majirani nao walikubaliana wamwite Sosthenes kumtahadharisha kabla ya kupiga fimbo, asishtukizwe.

Asubuhi moja Brightness alisimama mbele ya rundo, fimbo mkononi.

"Baba," aliita, "naanza."

Akapiga. Mabega ya Sosthenes yalishtuka, lakini hakuanguka. Alivuta pumzi. Kisha akaokota fimbo yake, akaenda kupura karibu na binti yake, na mtoto hakukimbia.