Sauti ya Sururu Siku ya Sabato

Kijiji chetu cha Nyagesenda, juu kidogo ya Nyamarambe, siku hizi ni nusu kijiji. Ukisimama uani kwangu ukatazama bondeni, utaona migomba, kisha majani ya chai, kisha hakuna kitu. Ardhi imekatika kama mkate. Chini yake kuna machimbo ya lile jiwe laini la kuchonga bakuli na sanamu za vifaru za kuuzia wageni. Nilipoanza kufundisha, pale hewani palikuwa na uwanja wa mpira. Palikuwa na kisima, na nyumba za watu niliowasomesha. Hakuna aliyetufukuza. Tulichimba wenyewe, kila mtu akianzia pembeni mwa shamba lake, hadi pembe zikakutana.

Jirani yangu wa mwisho upande ule alikuwa Phanice. Mumewe, Machogu, aliufuata mkondo wa jiwe la rangi ya waridi ndani kabisa ya kilima, na kilima kikamfunga. Vijana walichimba wiki nzima. Kila walipotoa udongo, mwingine ulishuka. Mwishowe wazee wakasema inatosha, asife mwingine.

Kwetu mtu asipopatikana, huzikwa shina la mgomba mahali pake. Lakini shina haliokotwi popote. Ndugu wa marehemu hushuka hadi alipopotelea, akamwita kwa jina, akamwambia twende nyumbani. Kisha shina hubebwa kutoka hapo kimya kimya, bila kutazama nyuma. Siku ya kumzika Machogu mvua ilinyesha tangu asubuhi na kuta za machimbo zilikuwa zikimomonyoka. Bosire, mdogo wake Machogu, alikata shina hapo hapo nyuma ya jiko. Likavishwa blanketi, likazikwa upande wa kulia wa nyumba. Mchungaji akaomba. Sote tukala, tukaenda.

Hakuna aliyemwita.

Miezi ikapita. Jumamosi moja Phanice alibaki nyumbani kwa sababu ya malaria. Huku wengi wetu ni Wasabato, na siku hiyo machimbo hulala. Chakula hupikwa Ijumaa, hata moshi huuoni. Niliporudi kutoka kanisani nilipita kumjulia hali. Nikamkuta ameketi sakafuni, kiganja amekilaza kwenye saruji.

"Mwalimu," alinong'ona, "njoo usikie."

Niliinama. Chini, mbali sana, kitu kiligonga. Kikanyamaza. Kikagonga tena. Ni mlio ambao kila mtoto wa Nyagesenda anaujua kabla ya kujua kusoma. Sururu kwenye jiwe.

Tulimwita Bosire. Alisikiliza kidogo, akasimama akipangusa magoti.

"Ni panya hao, mke wetu."

"Panya wa kugonga jiwe, Bosire?"

"Tena ni Wakatoliki. Wanafanya kazi Jumamosi."

Tulicheka. Hata Phanice alicheka. Kisha mlio ukaja tena, nasi tukaacha.

Sabato iliyofuata mlio ulikuwa karibu zaidi. Ile iliyofuata, vikombe vilitetemeka kabatini. Nilijiuliza kwa nini ni Jumamosi tu, nikapata jibu ambalo sikulipenda. Siku nyingine, sururu za watu zikilia bonde zima, nani angeitambua moja iliyozidi?

Nyumba ilianza kupasuka ukutani. Ukingo wa machimbo ulikuwa umefika kwenye choo chake. Nilimsihi ahamie Suneka kwa dadake kabla ardhi haijamchukua.

"Mwalimu, wewe umezoea kungoja watoto wachelewaji," aliniambia. "Ungefunga mlango na unamwona mmoja bado yuko njiani?"

"Phanice, huyo si wa njiani. Huyo amekufa."

"Hamkumwita. Atajuaje?"

Maneno hayo niliyapeleka kwa Bosire. Hakufanya mzaha tena. Nadhani naye alikuwa hapati usingizi. Jumamosi iliyofuata, mchana, jua likiwaka, tulishuka watu watatu hadi ulipokuwa mdomo wa lile shimo. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake. Kutoka ndani ya kilima sururu ilikuwa ikilia, polepole, kama mtu aliyechoka.

Bosire alivua kofia.

"Machogu. Ndugu yangu. Twende nyumbani."

Mlio ukakoma.

Tukangoja. Hata nzi hakuruka. Phanice alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa ikisema jambo ambalo sikulisikia. Bosire akatugeuza tuanze kupanda, mikono mitupu kwa kuwa shina lilikwisha kuzikwa, bila kutazama nyuma, kama inavyotakiwa.

Hatukufika mbali. Sururu ilianza tena.

Sasa haikuchoka. Iligonga upesi upesi, bila kupumzika. Nayo haikuwa tena nyuma yetu. Ilikuwa chini ya nyayo zetu, ikipanda mlima pamoja nasi.

Bosire alikimbia. Sitamlaumu.

Jioni hiyo hiyo ufa wa ukutani uliweza kupitisha mkono. Dadake Phanice alikuja na pikapu, na tukapakia vyombo, kitanda, godoro na yeye mwenyewe, karibu kwa nguvu. Alikuwa akilia bila sauti. Alikataa kufunga mlango. Aliniomba niuache wazi, nami nikauacha.

Asubuhi nilikwenda kumchukulia meza iliyosahaulika. Nyumba ilikuwa bado imesimama. Chumbani, mahali kitanda kilipokuwa, sakafu ilikuwa na tundu. Duara safi, la kupita mtu mmoja mwembamba. Niliinama kwenye ukingo wake. Alama za sururu zote zilielekea juu. Saruji ilikuwa imesukumwa kutoka chini na kuwekwa kando, kipande juu ya kipande, kwa utaratibu.

Kaburi lile la upande wa kulia halikuguswa. Hakuwa amelitafuta kaburi.

Kabla ya wiki kwisha, nyumba na kaburi na migomba vilishuka bondeni. Nusu yetu ikapungua tena.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kwenda Suneka. Phanice alinipokea vizuri, akanipa chai na ndizi za kuchemsha. Alikuwa amekonda. Nilidhani ni haki yake kuambiwa, kwa hiyo nikamweleza habari za tundu.

"Upande gani wa kitanda?" aliuliza.

"Wa ukutani."

Alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Huo ndio upande wake," alisema. "Nilimkosa kwa usiku mmoja tu, Mwalimu."

Alipotoka kuitazama sufuria, nilichungulia chumbani kwake, jambo ambalo si adabu. Kitanda kilikuwa kimesogezwa mbali na ukuta. Nyuma yake kulikuwa na jembe, na sakafu ya udongo ilikuwa imechimbwa hadi kina cha goti. Kazi ya mikono isiyozoea, kazi ya usiku mwingi.

Niliinama nitazame. Kuta za shimo zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu.

Chini kabisa, katikati ya shimo, kulikuwa na kirundo kidogo cha udongo mbichi, bado una unyevu, uliosukumwa kutoka chini.