Aliyeitikiwa Kwenye Apeli

Siku ya nne baada ya Birika la kiwanda kupasuka, Célestine alipakua sahani kumi na mbili za ugali na ndakala, vidagaa vya ziwani, akazipanga mezani, ndipo akaona kwamba wanaume waliokaa walikuwa kumi na mmoja. Akadhani ni uchovu. Nani asingechoka wiki ile? Lakini alikuwa amewahesabu mlangoni walipokuwa wakinawa mikono, na Célestine hakuwa mwanamke wa kukosea idadi ya vichwa. Kwa miaka sita alikuwa akiwalisha wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, na sahani haikuwahi kubaki. Hii ya kumi na mbili ilibaki. Alipokwenda kuitoa, alikuta ugali umefunikwa na majivu meusi, laini, na unanuka mbegu za pamba zilizoungua.

"Nani alikaa hapa?" aliuliza.

Mume wake, Léopold, hakuinua macho. "Hakuna muntu, Mama Claire. Toa tu."

Aliyeijua barabara ile ya maduka ya Uvira kabla ya mwaka huo wa sitini na nne angeona haya kuiita barabara sasa. Kiwanda kilikuwa mwishoni mwake, karibu na ziwa, na mtaa mzima uliishi kwa king'ora chake. Kikilia asubuhi, Mgriki wa vitenge anafungua, fundi cherehani anafungua, mwokaji anatoa mikate. Kikilia jioni, wote wanafunga, na baiskeli zinamiminika barabarani hata mbuzi wanajua kukaa kando. Uhuru ulipokuja, wazungu wa mitambo waliondoka, na mashine zikaendelea kwa kubembelezwa. Birika ndilo lilikuwa jina la utani la mtungi wa mvuke, chuma kitupu, mkubwa kama chumba. Fundi wake, Gratien, alisema mara tatu kwamba linavuja na lizimwe. Wakubwa wakajibu: baada ya mavuno. Baada ya mavuno! Watu ambao ofisi zao ziko mbali na moto huwa na subira ya ajabu.

Lilipasuka Jumanne asubuhi. Vioo vya maduka yote vilianguka kwa mpigo mmoja, na ghala la mbegu liliungua siku mbili.

Sasa, kosa lenyewe. Kila asubuhi karani Octave alisimama juu ya sanduku langoni akasoma apeli, jina baada ya jina, na kila aliyeitwa alijibu kwamba yupo. Mtu akichelewa, rafiki yake alimjibia: "Iko!" Octave alijua, akajifanya hajui, maana mchelewaji angeruka ukuta dakika tano baadaye akifunga vifungo vya shati. Wala haukuwa udanganyifu, ulikuwa urafiki. Gratien alichelewa karibu kila siku, na Léopold, msaidizi wake pale kwenye Birika, alimjibia miaka minane hadi mdomo ukazoea kusema wenyewe.

Jioni ya ajali, moshi ukiwa bado mzito, Octave alipanda juu ya kifusi akasoma apeli ili ijulikane nani amebaki. Jina, kimya, kisha kilio cha mwanamke. Jina jingine, kimya. Alipofika kwa Gratien, Léopold, nyusi zimeungua na masikio yakivuma, alisema kwa sauti safi kabisa:

"Iko!"

Watu wote waligeuka. Mke wa Gratien, Anne-Marie, aliacha kulia katikati ya kilio. "Iko wapi?" aliuliza. Léopold alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kesho yake walimtoa Gratien chini ya mabati, wakamzika misheni, na Léopold alibeba jeneza upande wa kichwa.

Kumi na mmoja waliobaki wakaanza kusafisha kifusi. Octave hakusoma tena majina ya marehemu. Lakini kila asubuhi alipofunga kitabu, sauti ilisikika nyuma ya lango, ya mtu anayetweta baada ya kukimbia.

"Iko."

Walichukua sepetu wakainama.

Kisha barabara ikaanza kufungwa. Mgriki alivuka kwenda Bujumbura. Fundi cherehani alipakia mashine yake akaenda kwa wakwe zake Kamanyola. Wote walisema wanaogopa waasi, na ni kweli waasi walikuwa wakishuka kutoka upande wa Lemera, habari zao zilifika kila siku. Lakini waasi hawaachi nyayo za majivu dukani, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha mteja, zisizorudi. Waasi hawakai kwenye kiti hicho saa sita mchana, mlango ukiwa wazi na jua likiwaka nje, wakati fundi ameinamia suruali anasikia kiti kinalia kwa uzito wa mtu, anasikia harufu ya mbegu zilizoungua ikimjia shingoni, anajiambia usigeuke, usigeuke, na mguu wake unaendelea kukanyaga cherehani ingawa uzi ulishakatika zamani.

Kitu kile kilikuwa kinamtafuta Léopold, duka kwa duka. Na kilimpata.

Mchana mmoja Célestine alirudi kutoka kuchota maji akasikia mume wake akiongea jikoni polepole, kama anayembembeleza mtoto. Alichungulia. Léopold alikuwa amekaa. Nyuma yake kulisimama ovaroli ya bluu ya kiwandani, na begani mwake kulikuwa na mkono, na mkono ule ulikuwa unatoa mvuke. Hakutaka kuona uso. Aliangusha ndoo kwa makusudi, na alipoingia mume wake alikuwa peke yake, shati limeungua begani alama ya vidole vitano.

"Baba Claire. Ni nani?"

"Sema polepole."

"Ni Gratien?"

"Gratien tulimuzika. Huyu anavaa tu jina yake." Léopold alikohoa, akatema kitu cheusi. "Anasema minye nilimwita. Anasema nilimufungulia nafasi mu bantu, sasa nimupe na mwili ya kukaa."

"Na weye unamujibu nini?"

"Ninamwambia angoje." Alimwangalia mke wake, na macho yake yalikuwa ya mtu anayezama. "Nimechoka, Célestine. Siku moja nitasema ndiyo."

Aliogopa, tena sana, lakini hasira ilitangulia. Alimwacha binti yao Claire, mtoto wa miaka mitano, kwa jirani, akaondoka siku hiyo hiyo kwenda Lubarika, kwa mganga aliyejulikana bonde zima la Ruzizi, mzee Bigirimana. Mzee alimsikiliza akiwa anamenya mihogo. Aliuliza swali moja tu.

"Nani alisema iko?"

"Bwana yangu, mzee. Alikosea. Ni mazoea ya kazi."

"Jini haina jina," mzee alisema. "Inazunguka karibu na moto na karibu na maji, inangojea. Muntu akisema fulani iko, na fulani mwenyewe haiko, pale pana nafasi wazi. Inaingia. Anayeweza kuifukuza ni ule aliyeisema. Aseme haiko, mbele ya bantu, pale pale."

Waliokutana langoni siku ya tatu, asubuhi, ni wale kumi na mmoja, Octave na kitabu chake, Célestine, na mzee aliyekuwa amechora mstari wa unga mweupe kuwazunguka.

"Karani, utasoma jina moja tu, la Gratien. Kisha funga kitabu," alisema. "Na ninyi wengine, sikieni muzuri. Muntu asijibie mwenzake leo. Hata akiwa ndugu. Hata mukiona nini."

Octave alifungua kitabu. Alishusha kidole hadi kwenye mstari wa Gratien. Aliita jina.

Ziwa lilinyamaza. Nyuma ya lango zilikuja hatua, zikilia kama changarawe juu ya bati, zikakaribia, zikakaribia tena, na harufu ikawa nzito hata wanaume wawili wakatapika walipokuwa wamesimama, na sauti ya mtu aliyekimbia ikaanza kuvuta pumzi ili ijibu, ndipo Léopold, machozi yakimtiririka, akaiwahi.

"Haiko! Gratien haiko! Alikufa, minye nilimubeba!"

Lango lilijibamiza mara moja. Kisha upepo wa kawaida, wenye harufu ya samaki, ukapita. Mtu mmoja alicheka. Mwingine akapiga makofi. Octave alilia kwa furaha, akapangusa miwani, kidole chake kikiwa bado kwenye ukurasa. Na mtu aliyesoma majina kwa mpangilio uleule miaka kumi na moja hasimami katikati ya orodha. Ulimi wake ukateremka mstari mmoja.

"Léopold!"

Kabla Léopold hajafungua mdomo, sauti ilijibu ndani ya mstari wa unga, katikati yao, kwa upole.

"Haiko."

Léopold akaanguka alipokuwa amesimama.

Célestine alipiga magoti. Alimgusa shingo, akaweka shavu kwenye pua yake. Hakuna kitu. Wiki ya ajali alikuwa amesaidia kuosha maiti nne, aliijua ngozi inavyokuwa. Mzee Bigirimana alikuwa anamjia mbio, mkono juu: "Nyamaza, mama! Nyamaza!" Alimsikia. Alilikumbuka onyo lake neno kwa neno. Tusiseme hakujua.

"Iko!" alipiga kelele. "Bwana yangu iko! Léopold iko!"

Mtu aliyelala chini akafungua macho. Aliinuka taratibu, akijaribu mguu huu, kisha ule, kama anayevaa viatu vipya. Wanaume walirudi nyuma. Octave alitupa kitabu.

Mzee alisimama akihema. "Ya kwanza bwana yako aliiita, na akaikana. Hii umeita weye. Iko na mwili sasa. Ukisema haiko, atalala tena, na tutamuzika leo. Utasema?"

Célestine aliuangalia uso ule. Ulikuwa uso wa Léopold wote, hata kovu la kidevuni. Ulimtabasamia, na kutoka kinywani ikaja harufu ya mbegu zilizoungua. Alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuwa nayo maishani, na alimpenda mume wake, na vyote viwili vilikaa ndani yake bila kugombana.

"Hapana, mzee," alisema.

Alimshika mkono. Ulikuwa wa moto mno, lakini hakuuachia. Wakapita pamoja katikati ya maduka yaliyofungwa, na mtu yule alipokosea njia ya nyumbani, mara mbili, Célestine alimwelekeza polepole. Claire alikuwa mlangoni kwa jirani. Aliwaona tokea mbali, akapiga kelele "Papa!" akaja mbio mikono wazi, na Célestine hakumzuia.