Wakili Aliyekataa Kumfunza Ndindi

"Si unipokee tu ofisini kwako?" Ndindi aliuliza, akimmiminia mchumba wake chai. "Nimebakiza mafunzo ya kazi chini ya wakili mzoefu. Nitafute mwingine wa nini na wewe uko?"

Phares alikoroga chai ambayo bado haikuwa na sukari.

"Watu watasema napendelea."

"Watu gani? Kayole nzima inakuita wakili. Hata mama mboga!"

"Tuyaache, Ndi."

Hakuyaacha. Mwanamke aliyesomea sheria jioni baada ya kazi, akisinzia juu ya vitabu na kujiamsha kwa sala, haachi swali likining'inia. Asubuhi alipomaliza kuomba, alitafuta jina la Phares Okinyi kwenye tovuti yenye majina ya mawakili wote wa Kenya. Halikuwepo. Akatafuta tena. Wapi!

Akatuma ujumbe: "Phares, wewe ni nani?"

Simu ikalia papo hapo.

"Mimi ni karani pale ofisini, Ndi. Nilianguka mtihani wa mwisho wa uwakili. Mtaa ukaona suti, ukaniita wakili. Nikanyamaza."

"Na mimi je? Ungeninyamazia mpaka lini?"

"Wewe unapanda, mimi nimekwama. Niliogopa utaniacha."

"Hujanipa hata nafasi ya kukataa kukuacha! Sasa sikia. Jumamosi mnaleta mbuzi wa ntheo, na baba akiwapokea nimeshaposwa. Mjomba wako akikutambulisha kama wakili nawe ukanyamaza, rudi na mbuzi wako."

Akakata simu. Je, angesema?

Jumamosi, nyumbani kwao Buruburu, Ndindi alisimama mlangoni akimwomba Mungu kimyakimya. Mjomba Ondiek alijikohoza.

"Wakwe zetu, tumewaletea kijana wetu, wakili hodari..."

"Samahani, mjomba." Phares alisimama, jasho likimtiririka. "Mimi si wakili. Ni karani. Nilifeli mtihani, na nimejiandikisha kuurudia. Ndindi anajua. Nilitaka na nyinyi mjue."

Mjomba aliketi kama gunia. Shangazi mmoja akaguna, "Ngai!"

Mzee Munyao, babake Ndindi, alichungulia nje.

"Wale mbuzi ni wa nani?"

"Ni wangu, baba," Phares alijibu.

"Una bahati. Wakili ningemdai na ng'ombe juu." Akamgeukia bintiye. "Ndindi, unasemaje? Warudi?"

Ndindi alikuwa tayari uani, ameshika kamba, anawaingiza mbuzi.