Somo la Pili la Mama Salomé

Mama Salomé Kaumba alirudi shuleni akiwa na miaka thelathini na sita. Alikuwa na watoto watatu. Kila asubuhi aliwapa uji, akawatuma shuleni. Kisha yeye naye alibeba madaftari yake, akavuka reli ya mji wa Kamina, akaenda kwa miguu hadi shule ya ualimu. Mume wake, Élisha, karani wa kanisa, alimsaidia kufua na kuchota maji. Wote wawili walingojea diploma yake ya ualimu.

Mwaka wa mwisho lilikuja sharti jipya. Kila mwanafunzi wa ualimu afundishe somo moja kwa kompyuta, mbele ya watoto. Asiyefaulu hapati diploma. Mama Salomé hakuwa amewahi kugusa kompyuta.

Siku yake ilipofika, alifundisha darasa la tano. Watoto walikuwa arobaini na nane, na somo lilikuwa maji. Aliweka kompyuta ya shule mezani, akasoma maneno ya kwenye kioo chake huku amewapa watoto mgongo. Wa mbele waliona kidogo. Wa nyuma hawakuona kitu, wakaanza kusukumana. Kisha betri ikaisha na kioo kikawa cheusi. Mama Salomé alibonyeza vitufe bure. Hakujua aendelee vipi.

Prof Gaston, aliyeketi nyuma kumpima, alimpa alama saba juu ya ishirini. Alimwambia kwamba atarudia mara moja tu, baada ya wiki tatu.

Nyumbani Mama Salomé alisema ataacha shule, kwa kuwa kompyuta ni mambo ya vijana. Élisha hakubishana naye. Alimweleza habari za Safi, binti wa mfanyabiashara mmoja wa sokoni. Safi alikuwa na kibanda cha kuandika na kuchapisha barua, na Élisha alipeleka karatasi za kanisa kwake. Kesho yake walikwenda pamoja.

Safi alikubali kumfundisha kila asubuhi kabla wateja hawajafika. Wiki ya kwanza walifanya mambo madogo: kuwasha, kuandika, kuhifadhi kazi. Vidole vya Mama Salomé vilikuwa vizito. Mara mbili alipoteza yote aliyoandika, akaanza upya. Wiki ya pili Safi alimuuliza swali.

"Mama Salomé, siku ile ulitaka batoto bajue nini?"

Mama Salomé alifikiri. "Sijui. Minyi nilitaka tu mashini itumike."

"Basi njo pale ulikosa. Anza na somo. Jiulize, ni kazi gani chaki haiwezi kufanya muzuri? Ile tu njo upe mashini. Na batoto benyewe baiguse, hapana weye peke yako."

Safi alimwonyesha pia kujaza betri siku moja kabla. Alimwambia asitegemee intaneti, bali aweke kila kitu ndani ya kompyuta mapema. Na ubaoni aandike yote ya lazima, ili mashine ikikataa, somo liendelee.

Wiki ya tatu ikaisha. Mama Salomé akasimama tena mbele ya watoto wale wale. Safari hii kompyuta ilikuwa bado imefungwa. Aliwauliza wanachota maji wapi. Watoto wakainua mikono, naye akaandika ubaoni: kisimani ishirini na moja, bombani kumi na tano, mtoni kumi na mbili. Kila mmoja akachora nguzo tatu katika daftari lake, ndefu au fupi kufuata hesabu. Kisha akawagawa vikundi sita vya watoto wanane. Kikundi kimoja kilikuja kwenye kompyuta, vingine viliendelea kuchora. Watoto waliandika namba wenyewe, na nguzo zikapanda kwenye kioo.

Kikundi cha tatu kilikuwa cha Shekina. Aliandika namba ya bomba, na nguzo ikaruka hadi juu kabisa.

"Madamu, mashini inakosa," alisema.

Alikuwa ameandika hamsini na moja. Mama Salomé alinyoosha mkono airekebishe, kisha akaurudisha.

"Shekina, tuko batoto ngapi humu kalasi?"

"Makumi ine na munane."

"Sasa hawa makumi tano na moja ba bomba batatoka wapi?"

Darasa zima likacheka. Shekina akatazama ubao, akatazama kioo, akafuta, akaandika kumi na tano. Nguzo ikashuka.

"Ni minyi njo nilikosa," alisema. "Mashini inaandika tu ile tunaiambia."

Prof Gaston aliinuka kwenye kiti chake, akaja kusimama nyuma ya watoto kutazama. Alimpa kumi na saba juu ya ishirini. Tena alimwomba awafundishe wanafunzi wenzake kumi na mmoja walioshindwa kama yeye. Aliwafundisha, nao wote wakafaulu. Mwezi wa saba jina lake liliposomwa kati ya waliopata diploma, Élisha alisimama kabla ya mtu yeyote kupiga makofi.

Leo Mama Salomé ana darasa lake. Juzi walikuja walimu vijana kutazama anavyofundisha. Mbele, mezani, waliwakuta watoto wanane wakibishana juu ya namba kwenye kompyuta. Walimu wale wakamtafuta mwenye darasa. Alikuwa benchi la mwisho, amechuchumaa kando ya mtoto mmoja, chaki mkononi, anamsikiliza.