Nyundo ya Loredana

Fermo Ghidini alikuwa amelala kifudifudi mbele ya jiliwa lake la kubania vyuma, tupa bado mkononi. Risasi moja, kifuani.

"Lini?" aliuliza Inspekta Noemi Contessi.

"Jana jioni, kabla hajala," alijibu daktari wa polisi akivua glavu. "Hakukimbia, hakupigana. Sijui hata kama aliinua kichwa."

Mke wa marehemu alikuwa amelala Brescia kwa dada yake. Aliporudi asubuhi alikuta taa ya karakana inawaka, mlango wazi, na mvua ikiingia ndani.

Noemi hakuweza kutulia. Alizunguka ile karakana mara ya tatu, mara ya nne, akipita juu ya miguu ya watu wa alama za vidole. Ukuta mzima ulikuwa droo ndogondogo za vipuri: springi, nyundo, triga, skrubu. Fermo alikuwa fundi wa bastola za kuiga, zile zinazotengenezwa hapa hapa bondeni Val Trompia kwa mfano wa bastola za wachunga ng'ombe wa Marekani wa zamani, nazo hupiga risasi za kweli. Kwa kila risasi mpigaji huvuta nyundo nyuma kwa gumba, ndiko kuikoki bastola, na hakuna kipuri kinachokaa mpaka kipigwe tupa. Klabu nzima ya walengaji shabaha ilimtegemea yeye.

"Afande, keti kidogo, unanizungusha kichwa," alisema Sajini Mutti, mtu mnene aliyekuwa ameshapata kikombe cha kahawa, Mungu ndiye ajuaye wapi.

"Mutti, wewe ni mwizi. Umeingia humu, umeua. Unaiba nini?"

"Hizo bastola tatu za wateja pale ukutani."

"Zipo. Na pochi yake ipo. Sasa tazama droo."

Mutti alitazama. Zote zilikuwa zimefungwa, isipokuwa moja. Ndani yake mlikuwa na vibomba vyembamba vya chuma, kila kimoja na springi na kijiti chake. Kibomba cha namna hiyo hufungwa kando ya mtutu kwa skrubu moja tu, na kazi yake ni kusukuma nje maganda ya risasi.

"Mtu aue kwa ajili ya kibomba?"

"Hapana. Aliua, halafu akahitaji kibomba. Skrubu ile ikilegea, bastola ikifyatuka kibomba huruka. Chake kimerukia humu ndani, akakitafuta, hakukiona, akachukua kingine." Tayari alikuwa amepiga magoti. "Njoo unisaidie kuinua trei hii."

Chini ya mashine ya kukerezea palikuwa na trei ya mafuta iliyojaa chembe za chuma. Walichambua kwa sumaku na vidole mpaka mikono ikawa myeusi. Mutti ndiye aliyekishika. Kibomba kilikuwa cha zamani, kimelika weusi wake, na mdomoni kilikuwa na masizi ya baruti.

"Huu ni mfano ambao kiwanda kiliacha kuutengeneza," alisema Noemi. Baba yake alikuwa amesaga mitutu maisha yake yote. Mambo hayo aliyakuta mezani pamoja na polenta, ule ugali wa kwao. "Vibomba vya droo hii ni vya mfano mpya. Havikai kwenye bastola ya zamani. Mtu wetu yuko nyumbani sasa hivi anapiga tupa."

*

Waliosajili bastola za mfano ule wilayani walikuwa saba. Noemi aliwaita wote kesho yake, kila mtu na bastola yake. Usiku ule hakulala. Alisimama dirishani, akaenda jikoni, akarudi dirishani. Je, kama ameitupa mtoni? Lakini asiyekuja na bastola aliyoisajili angejitaja mwenyewe. Atakuja, alijiambia. Lazima aje.

Walikuja wote. Walikaa kwenye benchi la kituo wakinung'unika.

"Binti yangu, mimi nina spiedo motoni tangu asubuhi," alilalamika mzee mmoja. "Nyama ikiungua utakula wewe."

"Nitaila, mzee. Nipe hiyo bastola."

Alifungua skrubu, akatoa kibomba cha mzee, akaweka kile cha kwenye trei. Kilicheza kama jino bovu. Akamrudishia. Wa pili, kikacheza. Wa tatu na wa nne, tundu la skrubu halikulingana kabisa. Bastola hizo zilitoka kiwanda kimoja, lakini kila moja ilikuwa imekamilishwa kwa mkono.

Wa tano alikuwa Oreste Peli, msimamizi wa usalama wa klabu, mwanamume mrefu wa miaka hamsini aliyenyoa vizuri.

Noemi aliinusa bastola kabla ya kuigusa. Ilinuka kama yai viza.

"Dawa ya kutia weusi," alisema. "Umeipaka lini?"

"Ilikuwa na kutu."

"Kwenye kibomba peke yake?"

Noemi alifungua skrubu. Upande wa ndani wa kibomba, dawa isikofika, chuma kilikuwa kinang'aa, kimekwaruzwa kwa tupa na mtu mwenye haraka. Alikiweka kando, akachukua kile cha kwenye trei. Kiliingia mahali pake kwa mlio mdogo, kikatulia. Alikisukuma kwa kidole. Hakikutikisika.

Oreste aliweka mikono yote miwili mezani.

"Mutti, waambie hao waliobaki waende nyumbani," alisema Noemi. "Na hii iende maabara, ilinganishwe na risasi."

*

"Una haki ya wakili," alisema Noemi.

"Ataitwa. Niache niseme kwanza. Nimechoka kukaa na siri hii."

"Bastola hii ni ya nani?"

"Ya dada yangu Loredana."

Noemi alilijua jina hilo, kama kila mtu bondeni. Miaka miwili nyuma, uwanja wa shabaha, mchana wa Jumapili. Loredana Peli aliikoki bastola yake, nayo ikafyatuka kabla hajaiinua. Risasi ilimpita pajani, ikakata mshipa mkubwa. Alikufa kabla ya gari la wagonjwa kufika.

"Wewe ulikuwa msimamizi siku ile."

"Nilikuwa nyuma yake. Na mahakamani nilisema kidole chake kilikuwa kwenye triga. Uzembe wake mwenyewe."

"Ulikiona?"

"Niliona damu tu, Inspekta. Lakini bastola ilipimwa ikakutwa nzima kabisa. Basi nikasema, kama bastola ni nzima, ni kidole. Mama alikuwa ameketi mstari wa mbele. Tangu siku ile hajanisemesha. Namwachia vitu mlangoni, anavichukua nikishaondoka."

"Endelea."

"Mahakama ilikaa na bastola. Imerudishwa kwetu mwezi huu, ikasajiliwa kwa jina langu. Nikaishika, nikaweka gumba." Alinyanyua gumba lake hewani. "Pembe ya nyundo, pale pa kuvutia, ilikuwa juu. Ya kawaida. Lori, ndivyo tulivyomwita Loredana, alikuwa na mikono midogo. Fermo alimwekea nyundo yenye pembe ya chini, aifikie upesi. Nilikuwa namtania kila Jumapili, namwita mkono wa kuku. Nitasahauje?"

Aliingiza mkono mfukoni. Mutti aliruka kutoka kwenye kiti, lakini Noemi alimzuia. Oreste aliweka mezani kipande cha chuma. Ilikuwa nyundo ya bastola, yenye pembe fupi iliyoinama.

"Hii ndiyo yake. Tazama ule mkato wa chini unaoishikilia isianguke."

Noemi aliipeleka kwenye taa. Mkato ulikuwa umesagwa mpaka umebaki mwembamba kama ukucha.

"Fermo aliulainisha ili triga iwe nyepesi, Lori ashinde," alisema Oreste. "Ulipoteleza tu, akajua. Sisi tukiwa juu yake tunamziba damu, yeye akasema, nipeni bastola niiondoe risasi, isije ikaumiza mwingine. Mimi ndiye niliyempa, Inspekta. Kwa mkono huu. Akaenda nayo garini kwenye sanduku lake la vipuri, akabadilisha nyundo, akairudisha."

"Alikwambia haya yeye mwenyewe?"

"Nilimuuliza. Akavuta droo, akanirushia hiyo nyundo. Mtu yule hakuwa anatupa kitu. Akaniambia, 'Alikuwa ameshakufa, Oreste. Ulitaka na mimi nife?' Halafu akageuka, akaendelea kupiga tupa. Nilikuwa nalia, Inspekta, naye anapiga tupa. Nikamwita jina lake. Aligeuka kidogo tu."

"Uliingia na bastola imejaa risasi."

"Nilizijaza mwenyewe, nyumbani. Sitakudanganya kwa hilo."

Mutti aliacha kuandika, akapangusa uso.

"Nina ombi moja," alisema Oreste. "Mtu amwambie mama kuwa kidole hakikuwepo."

*

Mvua ilikuwa imekatika Noemi alipopanda kwa mama Peli. Bibi yule alimkaribisha jikoni bila kuuliza swali. Noemi alikataa kiti, akasimama, akasogea dirishani, akarudi. Alieleza habari ya nyundo taratibu, ya Fermo kuuawa akaiacha kwanza, kisha akaeleza tena, kwa sababu bibi alitaka kusikia mara ya pili.

"Kwa hiyo mwanangu hakukosea."

"Hakukosea, mama."

"Na Oreste naye alidanganywa."

"Ndiyo. Kama mahakama yote."

Bibi aliinuka, akafungua kabati, akatoa sahani mbili, akazipangusa kwa aproni ingawa zilikuwa safi.

"Nimemtesa bure mtoto yule," alisema. "Ukishuka, binti yangu, mpitie. Mwambie mama yake kasema aje ale."

Noemi alivuta kiti. Kwa mara ya kwanza tangu wauchukue mwili wa Fermo, aliketi.

"Mama," alisema, "weka sahani chini kwanza."